Nondo Chui Katika Droo Mbili

Kulikuwa na mtu aliyepewa ufunguo wa kabati la nondo. Jina lake Mwadime wa Ngeti, na kabati lenyewe lilikuwa katika nyumba ya utafiti iliyojengwa juu mlimani, mahali ambapo ukungu huingia hata jikoni. Lilikuwa na droo ishirini na nne. Ndani ya kila droo nondo walilala kwa safu, mbawa zimetandazwa, kila mmoja amechomwa pini mgongoni, na chini ya kila pini palikuwa na lebo ndogo kama ukucha: alikamatwa wapi, siku gani, akifanya nini. Kazi ya Mwadime ilikuwa moja tu, kumweka kila nondo na ndugu zake. Mwasema ni kazi ya kitoto? Haya, subirini.

Katika kabati lile palikuwa na jenasi moja ambayo haijapangwa sawasawa. Jenasi ni kama ukoo: jamaa wa asili moja, ingawa kila nyumba ina sura yake. Watu wa mlimani waliwaita nondo chui kwa sababu ya mabaka meusi kwenye mbawa zao za manjano. Mtunzaji aliyemtangulia Mwadime alikufa kabla ya kuwamaliza. Aliacha aina kumi na moja katika droo moja, na juu yake karatasi iliyoandikwa kwa penseli neno moja, "Bado." Karatasi ile ilimnyima Mwadime raha. Kila asubuhi aliivuta droo, akaisoma, akairudisha. Alitaka awe yeye wa kuitoa.

Hao nondo chui hawakuwa wa kabatini tu. Viwavi wao, wale wenye manyoya ambao ukimgusa mmoja unajikuna mpaka jioni, waliishi kwenye miteremko ya majani, na chakula chao kilikuwa gugu moja la maua ya manjano. Gugu lile ni sumu kwa ng'ombe. Likiwa bichi na limesimama peke yake ng'ombe hulikataa. Lakini likikatwa pamoja na majani mengine na kunyauka, uchungu wake hupungua, sumu hubaki, naye ng'ombe hula bila kujua. Kwa hiyo watu wa mlimani waliwavumilia viwavi. Mwanamke akiwashwa shingoni alilaani kidogo, akajikuna, akaendelea kukata majani yake. Wote walijua kwamba siku viwavi watakapokwisha, gugu litauchukua mlima.

Mwadime alikuwa na dada yake mdogo, Wakesho, mjane. Shamba lake lilikuwa uchochoro tu kati ya mawe. Mali yake ilikuwa ng'ombe watatu waliofungwa bandani. Kila siku alishuka mteremkoni na mundu, akapanda na mzigo wa majani mgongoni, akawalisha, akashuka tena. Maziwa yale ndiyo yaliyowavisha watoto wake na kuwaweka shuleni. Bila ng'ombe wale hakuwa na kitu, na alisema hivyo mwenyewe mbele ya watu, bila aibu. "Mimi nimeolewa na ng'ombe watatu," alizoea kusema, "na wote hawashibi."

Sasa sikilizeni jinsi nondo walivyoingia kabatini, maana hapa ndipo kosa lilipozaliwa. Jua likizama Mwadime alitundika shuka jeupe barazani, akawasha taa mbele yake, akaketi. Nondo waliokuja kwenye taa aliwachukua. Wasiokuja hakuwajua. Nyumba ile ilikuwa imefanya hivyo tangu kujengwa kwake, na kwa miaka yote hiyo droo ya nondo chui ilijaa madume matupu. Mwadime mwenyewe aliliona jambo hilo. Akaandika pembeni mwa daftari kwamba majike ni nadra, akaridhika, akageuza ukurasa.

Siku moja asubuhi Wakesho alifika pale nyumbani, akauegemeza mzigo wa majani ukutani, akafungua pindo la kanga na kutoa kasha la kiberiti. Ndani yake alikuwamo mdudu wa kahawia, mnene, mwenye manyoya, asiye na mbawa ila vijipande viwili mabegani visivyoweza kumwinua.

"Kaka, nimekuletea mke wa wale wako wa kabatini."

Mwadime aliweka lenzi jichoni. Alitazama muda mrefu, maana hakuwahi kuona kitu kile. Nondo chui wana vipapasio vilivyochanuka kama kitana. Huyu vyake vilikuwa nyuzi tupu. Nondo chui wana mbawa za mabaka. Huyu hana mbawa. Akamwuliza dada yake amejuaje kwamba ni mke wa mtu.

Wakesho alicheka. "Si nimewaona! Alfajiri, chini kabisa kwenye mashina ya majani, wameshikana. Muulize mkata majani yeyote."

Mwadime hakumdharau. Alimjibu kwa upole, jinsi unavyomjibu mtu ambaye umekwisha kuamua kutomsikiliza, kwamba yanayoonwa na wakata majani ni maneno tu, na yeye huenda na kilicho kwenye pini. Wakesho akajitwika mzigo wake akaenda kulisha. Naye Mwadime akaketi akawagawa nondo chui. Wenye mbawa aliwaacha katika jenasi ya zamani. Yule wa kahawia, pamoja na wenzake sita aliowapata kwa kupekua majani, aliwafanyia jenasi mpya na kuwapa droo mpya. Kisha akaitoa ile karatasi ya penseli, akaichana vipande vinne.

Jenasi mpya hupewa jina na yule aliyeitambua, na hapo msimcheke Mwadime, kwa sababu alilolifanya lilitoka moyoni. Marehemu baba yao, mzee Ngeti, alikuwa mfagiaji wa nyumba ileile kwa miaka thelathini. Aliyapanguza makabati yale kila siku na hakuruhusiwa kufungua hata droo moja. Wakubwa waliokuja na kuondoka hawakujifunza jina lake, walimwita "wewe". Mwadime alikua akiyaona hayo, na yalimuuma. Basi akaipa jenasi mpya jina la baba yake. Ikachapishwa katika jarida la wataalamu huko ng'ambo, na nakala yake ikatiwa fremu, ikatundikwa ukutani. Wakesho alipoletwa kuiona, alipitisha kidole juu ya jina la baba yake herufi kwa herufi, akalia kwa kwikwi, akasahau kabisa habari ya nani kashikana na nani. Walikula pamoja siku ile, ndugu wawili, na furaha ya namna ile hawakuipata tena.

Mwaka uleule viwavi wa aina nyingine, wale wanaokata mashina, waliingia katika mashamba ya maharage wakayafyeka. Watu wenye njaa wakatafuta wa kumlaumu. Walifukua kingo za mashamba, wakakuta wale wa kahawia wasio na mbawa wamejaa kwenye majani ya mteremko wa chini. Desturi ya mlima ule ni kuchoma mteremko wa juu peke yake, kila mwaka kabla ya mvua, ili majani mapya yachipue. Wa chini hauguswi. Huachwa kwa ajili ya wakata majani. Sasa wakasema hawa ndio wazazi wa viwavi wa maharage, mwaka huu uchomwe na wa chini, tuwamalize. Lakini wachache, wakata majani, wakaingiwa na hofu: je, kama ni jamaa wa wale viwavi wanaokula gugu? Kamati ya malisho ikapanda kwenda kumwuliza mwenye kabati.

Mwadime angeweza kusema, "Sijui wanakula nini." Ingekuwa kweli, hakuwahi kumlisha hata mmoja. Lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa amevua kofia mbele yake, na ile fremu ilikuwa ukutani juu ya vichwa vyao. Akawaambia kwamba kwa mujibu wa uchunguzi wake hawa si ukoo mmoja na wenye mbawa, na yeye hawezi kuwadhamini. Ni maneno ya tahadhari hayo, mtaniambia. Watu wenye hasira hawasikii tahadhari. Wao walisikia "choma", wakapanga Jumamosi iliyofuata. Mwadime aliona vizuri kabisa walivyosikia, akawasindikiza mpaka mlangoni, akawatakia safari njema.

Jumanne alasiri, siku nne kabla ya moto, alikuwa katika chumba cha kazi akiandika. Mezani palikuwa na chupa yenye mmoja wa wale wa kahawia, hai bado, anangoja pini. Akasikia kitu kinagonga wavu wa dirisha. Akainua macho. Alikuwa nondo chui mwenye mbawa, mchana kweupe, bila taa. Akaja wa pili. Mara wakawa saba, wanajigonga kwenye wavu, wote upande ulioelekea chupa. Aliihamisha chupa hadi upande wa pili wa dirisha. Nao wakahamia upande wa pili. Akafungua wavu kidogo, akamruhusu mmoja kuingia, akaifunua chupa. Yule nondo hakuzunguka chumba. Alikwenda moja kwa moja kwa yule wa kahawia, wakashikana mkia kwa mkia, wakatulia.

Basi hapo alijua. Sisemi alishuku, alijua. Droo yake mpya ilikuwa imejaa majike wa droo ya zamani. Alikuwa ametenganisha mume na mke, akawaita watu wa koo mbili. Na wale walioitwa adui kule mteremkoni, wanaongoja Jumamosi, ndio mama wa viwavi wanaokula gugu, na hapakuwa na mama wengine, maana mteremko wa juu huchomwa kila mwaka. Hawana mbawa za kukimbia moto. Wakiungua, madume watabaki kujigonga kwenye taa mpaka wafe, na hakutakuwa na wa kuzaliwa. Alimfikiria dada yake na ng'ombe wake watatu. Msidhani hakumfikiria.

Kilichohitajika ni nusu ukurasa, na mwendo wa nusu saa hadi kwa mwenyekiti. Lakini wataalamu wana sheria yao: jenasi ikionekana si jenasi, jina lake hufutwa, likaingizwa katika orodha ya majina yaliyokufa. Mwadime aliitazama fremu. Aliuona mgongo wa baba yake umeinama juu ya ndoo. Akajiambia, jozi moja haitoshi, wataalamu watataka nyingi. Akajiambia, huenda wamekosea wenyewe, wadudu nao hukosea. Akajiambia, kesho. Jumatano aliandika mstari mmoja, akaufuta. Alhamisi alisema tumbo linamsumbua. Ijumaa alipanga upya rafu za vitabu ambazo hazikuwa na kasoro. Loo, jinsi mtu anavyopata shughuli nyingi akiwa anakimbia jambo moja!

Na ile jozi? Aliiua Jumanne ileile. Akawaachanisha, akawachoma pini, dume akamweka katika droo ya zamani, jike katika droo yenye jina la baba yake. Lakini mkono wake ulikuwa na mazoea ya miaka ishirini, na lebo hakuwahi kuidanganya. Aliandika juu ya zote mbili yaliyotokea: chumba cha kazi, dirishani, tarehe, wameshikana. Kuwadanganya watu aliweza. Kudanganya lebo kulimshinda. Akajifariji kwamba hakuna atakayevuta droo mbili kwa wakati mmoja.

Jumamosi asubuhi watu walipita mbele ya nyumba ya utafiti wakishuka, kila mmoja na kijinga cha moto. Wakesho alikuwa miongoni mwao. Alijitenga na wenzake, akaja hadi dirishani kwa kaka yake, moshi ukimwingia machoni.

"Kaka, mimi roho yangu bado inasita," alisema. "Lakini wewe ndiye unayejua. Ukisema wachomwe, na mimi nitachoma."

Mwadime alifungua kinywa. "Imekwisha kuandikwa, dada," akasema. Wakesho akaitikia kwa kichwa, akawafuata wenzake. Mteremko wa chini uliwaka mpaka adhuhuri, na majivu yakaja kutua juu ya kidirisha cha chumba cha kazi.

Mvua zikaja, tena nzuri. Majani yalichipua, na katikati ya majani likachipua gugu, na hapakuwa na kiwavi hata mmoja wa kulila. Mwezi wa pili wa mvua mteremko ulikuwa wa manjano ukingo hadi ukingo. Wageni waliopita barabarani walisimama kuutazama, wakasema mlima umependeza. Wakesho alichambua majani moja moja mpaka vidole vikapasuka. Lakini ng'ombe watatu wanataka mizigo miwili kwa siku, na yeye alikuwa mtu mmoja. Wa kwanza alikonda huku anakula. Kisha akaanza kuegemeza paji la uso kwenye ukuta wa banda na kusukuma, anasukuma tu, kutwa nzima, mpaka ngozi ya paji ikachubuka. Siku ya tano magoti yakakunjika. Wa pili alizungukazunguka kigingi mpaka kamba ikamkaba. Wa tatu alikuwa na mimba, na alipoanguka walimchinja, wakamtoa ndama asiyefikisha siku, akafa mikononi mwao. Majirani nao walizika wa kwao, banda kwa banda. Wengine walikosa nguvu za kuchimba, na harufu ilikaa mlimani wiki nzima. Watoto wa Wakesho waliacha shule.

Alipokuja tena nyumba ya utafiti, Wakesho hakuja kulaumu. Alikuwa na furushi kichwani. Alikuwa anashuka bondeni, kwenye mashamba ya mkonge, kutafuta kibarua, na alitaka kuiona droo ya baba kabla ya kwenda, kwa kuwa hakuna aliyejua atarudi lini. Mwadime angekataa vipi? Aliivuta mwenyewe. Wakesho aliinama juu yake. Kusoma kwake kulikuwa kwa polepole, kidole kikifuata, midomo ikicheza. Alisoma lebo ya kwanza, ya pili, mpaka akafika ya mwisho, na hapo kidole kikakaa.

"Wameshikana," alisoma. "Huyu alishikana na nani?"

Wakesho akaliweka furushi chini. Akaivuta droo ya zamani kwa mkono wake, yeye ambaye baba yake hakuruhusiwa kuifungua, akapita safu kwa safu mpaka akaikuta lebo ya pili: chumba kilekile, dirisha lilelile, tarehe ileile. Akahesabu nyuma kwa vidole, tangu siku ya moto. Jumamosi, Ijumaa, Alhamisi, Jumatano, Jumanne. Akahesabu tena, labda amekosea. Hakuwa amekosea. Mwadime alimtazama akihesabu, akatamani sakafu ipasuke immeze. Alitaka kusema habari ya baba yao, na ndoo, na wale waliomwita "wewe", lakini aliposikia maneno hayo kichwani mwake yalimtia aibu, akayaacha.

Wakesho hakupiga kelele. "Nilisimama pale dirishani na moto mkononi, kaka," alisema. "Nilikuuliza."

Akajitwika furushi, akatoka, akashuka mlima katikati ya maua ya manjano. Droo zote mbili aliziacha wazi.

Siku ileile Mwadime aliandika ule nusu ukurasa. Haukumchukua hata saa moja. Ulikuwa sahihi kila neno, na wataalamu wa ng'ambo waliusifu. Jenasi ikaunganishwa na ya zamani, jina la Ngeti likaenda kwenye orodha ya majina yaliyokufa. Nakala moja aliipeleka kwa mwenyekiti wa kamati kwa miguu yake mwenyewe. Mwenyekiti aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa banda tupu, akaikunja, akamrudishia, akaingia ndani.

Nami nakuuliza wewe uliyeketi hapo kimya, na jambo unalijua: ni nani aliyesimama dirishani kwako leo, na moto mkononi, akingoja neno lako?